Mama Makala na Neno Kuchoka

Kila asubuhi, kabla hajatundika mkoba wala kufungua dirisha, Mama Makala hujitafuta. Huwasha kompyuta, huandika jina lake kamili, kisha husogeza uso karibu na kioo aone kama kuna mtafiti aliyezinukuu makala zake. Wenzake wa ghorofa ile ya chuo ndio waliompachika jina hilo, naye hulicheka. "Mwacheni ajitafute," husema mzee wa chumba cha jirani. "Siku akijikosa, ndipo tuitane."

Kazi yake ni saikolojia ya utengamao: kumsaidia mtu aliyeugua aishi na mwili usiomtii tena kama zamani. Wagonjwa wake wengi wana skilerosisi, ugonjwa ambao kinga ya mwili humgeuka mwenyewe na kula ganda la neva. Ameandika mengi juu yao, lakini iliyomjengea jina ni makala ya uchovu. Kwa sababu yake, kliniki huwalaza wagonjwa mchana, wapumzike. Na ndiyo iliyobeba ombi lake la uprofesa, ambalo kamati ingelijadili Ijumaa.

Binti wa kaka yake, anayeishi naye, alikuwa akimsaidia kuwahoji wagonjwa kwa utafiti mpya, kwa maswali yaleyale ya zamani. Jumatatu alimkuta mwalimu mstaafu, mama mcheshi anayetembelea magongo.

"Mama, wiki hii umechoka mara ngapi?"

"Kila siku, mwanangu. Nimechoka mpaka basi."

"Pole. Nguvu zinakuishia saa ngapi hasa?"

"Nguvu? Nani kataja nguvu? Nguvu ninazo! Nimechoka na mkwe wangu. Nimechoka kulazwa mchana kama kichanga. Na nyie mnaoniuliza kama nimechoka, nimewachoka pia!" Akacheka mpaka gongo moja likaanguka.

Binti aliliokota, asicheke. Kesho yake aliwapigia simu wengine waliohojiwa miaka ile kwa makala ya uchovu. Mmoja alikuwa amechoka na dawa. Mwingine alikuwa amechoka kukaa ndani kama kabati. Makala ilisema miili yao imeishiwa nguvu, kumbe wengi walikuwa wakisema wamechoshwa.

Alirudi nyumbani akiwaza. Aliyeyatunga maswali yale ni shangazi yake mwenyewe. Akisema, anamwangusha akiwa amefika ngazi ya mwisho kabisa. Akinyamaza, ataweza kweli kurudi kliniki na kumtazama yule mama usoni?

"Mbona unakichezea chakula?" shangazi aliuliza Jumatano, mezani. "Kuna kijana anakusumbua?"

"Hakuna kijana, shangazi. Ni lile neno kuchoka."

Akamweleza yote, macho kwenye sahani. Alipoyainua, shangazi alikuwa amesimama kwenye sinki, anasugua bilauri iliyokwisha kuwa safi.

"Nani mwingine anajua?"

"Mimi tu."

"Haya. Maliza kula."

Alhamisi mlango wa ofisi yake haukufunguliwa kutwa. Binti alipita mbele yake mara chungu nzima, akijifanya anakwenda kuchukua maji, na kila alipopita alisikia sauti ya vitufe ikianza, ikikatika, ikianza tena. Alitamani angejing'ata ulimi. Mzee wa chumba cha jirani alimwambia, "Tulia, mwanangu, utatoboa sakafu," naye akashindwa hata kutabasamu.

Ijumaa walisimama wawili nje ya chumba cha kamati. Shangazi alivaa suti yake ya kijivu. Binti alimpokea mkoba. Ndani, viti vilisogezwa, mtu akakohoa, kisha jina la shangazi likaitwa.

"Shangazi," binti alinong'ona, maana sasa hapakuwa na wakati mwingine, "utawaambia?"

"Nitawaambia. Wenye jarida nimeshawaandikia jana, waiondoe makala ile."