Gari ya Munguti Haiguswi Ikiwa Baridi

Munguti, ama Baba Katee vile majirani humwita, ni broka wa mashamba. Kazi yake ni kuzungusha watu huko Isinya akiwaonyesha nyasi na kuwaapia hapa lami inakuja. Kazi ya hivyo haianzi kabla jua ipande. Lakini nenda kwa ile ploti ya nyumba za kupanga anakaa, hapo Kitengela, uulize ni nani huamsha watu alfajiri. Hata jogoo ya bibi yake Mutindi iliacha kuwika, iliona haina haja.

Hiyo ploti ni nyembamba kama koridoo. Magari inapangwa moja nyuma ya nyingine, na ile imeingia mwisho usiku ndio inakaa kwa geti. Munguti ndio huingia mwisho kila siku, akitoka kule hutoka. Kwa hivyo asubuhi watu wote wako na kazi ya maana wanangojea mtu hana haraka atoe Corolla yake. Ukimwambia aiache nje, anasema wataiba saidi mira, zile vioo za kando. Ukimwambia aingie mapema, anacheka.

Nyuma yake, ndani zaidi, ndipo Shirleen hupaki Vitz, ile dadake alimwachia akienda Doha. Shirleen ni msichana wa Bungoma, mdomo yake haina breki, na ndiye hufungua duka la dawa fulani kule Kajiado mjini. Mwenye duka ni Mama Kakenya, mwanamke haongei sana. Ijumaa alikuwa ameongea.

"Shirleen, nikuje nipate wagonjwa wamekaa kwa ngazi yangu mara ngapi? Jumatatu nikipata hiyo mlango imefungwa, niletee ufunguo urudi nyumbani."

Shirleen akajaribu kueleza kuna jamaa kwa ploti anapasha gari moto. Mama Kakenya akamwangalia vile mtu huangalia noti bandia.

Jumatatu ikafika. Ilikuwa Julai, ile baridi inatoka mbugani ikiingia kwa mifupa bila kubisha. Shirleen anatoka, mkoba kwa bega, anapata Munguti amefungua boneti, amesimama na vesti na taulo kwa shingo kama daktari amemaliza upasuaji. Injini inanguruma. Moshi yote inaingia kwa nguo za watu ziko kwa kamba.

"Baba Katee, habari ya asubuhi. Toa gari."

"Sista, pole pole. Injini baridi haiguswi. Oili yote iko chini, imelala."

"Hata mimi nilikuwa nimelala na nimeamka. Isongeze tu hapo nje, upashie huko."

"Hapo nje ni mbali. Vyuma zitasuguana zikiwa kavu."

Kutoka geti mpaka barabara, mtoto anaweza tema mate ifike.

"Sasa itakuwa tayari saa ngapi?"

"Sindano ikifika katikati." Akaonyesha kwa dashibodi. "Gari huongea, ni nyinyi hamsikizi. Nyinyi mnawasha tu kama blenda."

Shirleen akainama kwa dirisha. Sindano ya moto ilikuwa imelala chini kabisa, kama mlevi kwa mtaro.

"Hii kitu haijasonga hata kidogo."

"Inachukua muda. Tangu nitoe thamostati imekuwa gari makini sana."

"Ulitoa nini?"

Hapo Munguti akafurahi, juu hakuna kitu anapenda kama kufundisha watu. "Thamostati. Hiyo Wajapani waliweka juu kwao kuna theluji. Inazuia maji isiende kwa radieta mpaka injini ishike moto. Sasa na hii jua ya Kajiado, ya nini? Gari ilikuwa inachemka na wateja wako ndani. Nikaambia fundi ang'oe atupe. Saa hii maji inazunguka tu, poa, saa zote."

Shirleen akamwangalia kutoka kwa taulo mpaka kwa slipasi.

"Baba Katee, umetoa kitu ya kuleta moto haraka, alafu unasimama hapa kungoja moto."

"Hujaelewa."

"Nimeelewa sana. Hiyo sindano itafika katikati Yesu akirudi."

"Wewe uza panadol. Mambo ya injini wachia wanaume," Munguti akasema, akaingia kwa nyumba kunywa chai. Hiyo ndio tabia yake. Moshi ni yenu, chai ni yake.

Ledama, soja wa ploti, alikuwa amefungua geti kitambo, amejifunga shuka mpaka masikio.

"Supa, Shirleen," akamsalimia Kimaasai.

"Ipa," Shirleen akaitikia. "Ledama, ufunguo iko ndani ya hii gari?"

"Sasa ingenguruma aje bila ufunguo?"

Shirleen akafunga boneti, akatupa mkoba kwa kiti, akaingia. Mpango yake ilikuwa ya heshima: aitoe hapo nje, arudi achukue Vitz yake. Lakini Munguti husikia boneti yake ikifungwa hata akiwa ndotoni. Corolla ilikuwa imevuka geti tu, yeye huyo mbio na kikombe. Akasimama katikati ya geti, mikono imetanuka, Vitz imefungiwa ndani.

"Umeua injini. Hakuna mtu anatoka hapa mpaka fundi akuje aangalie."

Ledama akamvuta mkono, akakataa kuvutika. Shirleen akamwona kwa kioo, vesti imejaa chai. Akiteremka, ni mabishano mpaka saa tatu. Vitz iko ndani. Hii iko nje, na imewaka. Akaweka gia, akaenda Kajiado.

Na hiyo gari ya vyuma kavu ikaenda kama mbuzi imeona mahindi ya wenyewe. Isinya ikapita, sindano bado imelala. Karibu kufika Kajiado ndio iliamka kidogo, ikajinyoosha, ikalala tena. Shirleen akafungua duka, akafagia ngazi, akauzia mzee mmoja dawa ya macho, ndio Mama Kakenya akafika.

"Leo yule jamaa hakupasha gari moto?"

"Alipasha. Nimekuja nayo, ndio hiyo hapo nje."

Mama Kakenya akaangalia Corolla kwa muda, akaingia ndani akauliza kama dawa ya kikohozi imebaki. Ufunguo hakuitisha.

Munguti alifika mchana na matatu. Hakutaja wizi, hakutaja polisi. Akapapasa boneti, akalala chini kutafuta oili imemwagika, akakosa. Ungedhani amekasirika juu haijaharibika.

"Uko na bahati," akasema, akachukua ufunguo.

Akaapa hataacha ufunguo kwa gari tena kama hayuko ndani. Hapo ndio alijimaliza. Ilibidi sasa akae ndani ya hiyo gari mwenyewe, asubuhi, na vesti, akingoja sindano. Siku ya kwanza Mutindi alimletea chai hapo. Siku ya pili akamwambia chai iko kwa meza, mwenye anaitaka aifuate. Shirleen alikuwa amekaa nyuma kwa Vitz na sweta mbili, taa zake zinachoma Munguti kwa kisogo, hapigi hata honi.

Siku iliyofuata Munguti akawasha, meno zinagongana. Akaangalia sindano. Akaangalia mlango ya nyumba yake. Akaweka gia, akatoa gari nje na injini iko baridi kama maiti, akaiacha kando ya barabara, akarudi mbio amejikumbatia.

"Baba Katee," Shirleen akamuuliza akipita na Vitz, "na ile oili imelala chini?"

"Nilibadilisha," Munguti akasema bila kusimama. "Hii mpya hailali."