Folda ya Takataka na Mikoba ya Mkuu

Pale ofisini Kasulu tulikuwa na kompyuta moja na anwani moja ya barua pepe kwa idara nzima. Mialiko ya semina ilipitia humo, lakini sisi wengine hatukuwahi kuiona. Tukilalamika, mkuu wetu alijibu, "Mtandao wa huku mnaujua wenyewe." Mbona basi yeye kila akirudi safari alikuwa na mkoba mpya begani, ule wanaogawiwa washiriki wa semina? Mtandao gani huo wenye ubaguzi?

Asubuhi moja niliwahi kufika kabla yake. Nikafungua folda ya takataka, ambayo wote tuliikwepa kwa kuogopa virusi. Katikati ya bahati nasibu na wajane matajiri wanaotafuta mrithi, nikakuta mwaliko wa semina ya Kibondo, ya mwisho wa wiki ile. Nikachungulia mipangilio ya programu. Mtu alikuwa ameweka amri humo: barua yoyote yenye neno "semina" itupwe takataka.

Na kila siku nani alikuwa wa kwanza kuiwasha kompyuta ile?

Nikauhamishia mwaliko kwenye folda mpya niliyoiita "Zamu za Usafi", maana huko nilijua mkuu hakanyagi. Jumamosi nikapanda basi kwenda Kibondo.

Jumatatu mkuu akanijia mezani. "Hivi ule mwaliko wa Kibondo haujafika tu?"

Nikaweka mkoba wangu mpya juu ya meza, mbele yake.

"Mtandao wa huku, mkuu," nikamwambia. "Unaujua mwenyewe."