Yunusu na Daftari la Balozi

Kaka yangu Yunusu si mjinga, na atakayemwita mjinga mbele yangu tutakosana. Ameuza kahawa hapa Kilwa Kivinje miaka ishirini na mbili, kwenye baraza lenye bendera ya upinzani. Baraza la chama tawala liko hatua chache mbele, nalo lina muuza kahawa wake. Wa huku hanywi kule, wa kule hanywi huku. Hata misibani tunabaguana, Mungu atusamehe.

Basi ikaja habari ya bima ya afya. Serikali ilitaka kila kaya ijiandikishe, na daftari likapitishwa nyumba kwa nyumba na Haruna, balozi wetu wa nyumba kumi. Balozi ni mtu wa chama tawala, hilo kila mtu analijua, lakini siku ile alikuja na fulana ya chama mwilini kabisa! Nusu ya mtaa ikamfungia milango.

Barazani walibishana siku tatu, na Yunusu ndiye aliyeongea sana. Alisema zahanati haina dawa na kadi haitazileta. Alisema serikali ikishajua mko wangapi ndani, kesho itataka kujua mmepika nini. Na kama jambo ni la serikali, kwa nini linaletwa na mtu wa chama?

Lakini nyumbani kwake mwenyewe, wifi yangu Mwahija alikuwa anatokwa damu. Daktari alishamwambia ana uvimbe kwenye kizazi, akapasuliwe Lindi. Kwa kadi angepasuliwa. Bila kadi hawakuwa na pa kushika. Fomu ilitaka sahihi ya mkuu wa kaya, basi Mwahija akaniita nije nimsaidie kusema, akamwekea mumewe fomu na kalamu mkekani.

"Baba Amina, andika jina langu tu. Lako liache."

"Nikitia sahihi kwa Haruna, ni sawa na kurudisha kadi ya chama," Yunusu akasema. "Watanitangaza."

Nilimtukana, nakiri. Nilimwambia chama hakikumzalia watoto. Akanijibu kwa adabu zake zote kwamba dada, siasa huijui. Mwahija aliokota kalamu yake akaenda chumbani. Iliniuma kuliko kama angelia.

Miezi miwili baadaye akaanguka uani akifua, viganja vyeupe kama unga wa muhogo. Tukamkimbiza hospitali, akatundikiwa chupa, wakasema upasuaji usicheleweshwe. Ndipo Yunusu alipokwenda kwa Haruna, mchana kweupe, akatia sahihi. Na Haruna, sitamsamehe, akampiga picha ameinamia lile daftari. Kabla ya alasiri picha ilishaenea kwenye simu za mji mzima, chini imeandikwa: karibu nyumbani, Yunusu.

Kumbe alichokiogopa kilikuwa kweli. Tulichokiogopa sisi nacho kilikuwa kweli. Kadi mpya haikuanza kazi siku ileile. Ilikuwa na siku zake za kungoja, na Mwahija hakuzimaliza. Alifariki asubuhi ya Jumanne, binti yake Amina amemshika miguu.

Huku kwetu jeneza hubebwa kwa kupokezana. Kila mwanamume aliye njiani hutaka kutia bega, hata hatua tatu tu, lifike kaburini halijagusa ardhi. Sisi wanawake hubaki nyumbani, na mimi nilisimama mlangoni, panapoonekana mpaka soko la samaki, nikitazama. Wenzake Yunusu wa upinzani hawakuja, kwa sababu ya ile picha. Wa chama tawala nao hawakuja. Walisema yule kafuata kadi ya bima, si mwenzao. Walibeba wanne: Yunusu, binamu yetu Kibwana, mwalimu wa madrasa, na Shahid mwenye duka.

Walipofika karibu na soko la samaki mabega yaliwashinda. Wakamweka Mwahija chini, mchangani, na sokoni watu wamejaa. Hakuna aliyekuja kupokea. Nikamwona kaka yangu anainama, anakung'uta mchanga kwenye shuka ya jeneza, kisha anawaambia wenzake wamwinue tena.