Ujumbe uliomponyoka fundi wa vyerehani

Saa mbili asubuhi, fundi anaweka bisibisi juu ya cherehani alichokifungua nusu na kuinamia simu iliyolazwa mezani. Humo kwenye simu kuna cherehani kingine kinanguruma. Kiko mji mwingine, na mwenye nacho hajawahi kuonana na fundi uso kwa uso.

"Zungusha tena, mwanangu. Polepole. Hapo! Hiyo ni sindano."

"Nimebadilisha jana, mama."

"Umeiweka nyuma mbele. Ubapa wake unaangalia wapi?"

Kinasikika kitu kikifunguliwa, kisha kicheko. "Eh, mama! Kwani unaniona?"

"Sikuoni. Nakusikia."

Mama huyu wa miaka hamsini na sita amekuwa akitengeneza vyerehani kwa miaka thelathini. Kazi alifundishwa na marehemu mumewe. Mwaka juzi alihamia mji huu kuishi na bintiye, akaja na begi moja la nguo na sanduku la vifaa lililohitaji watu wawili kulibeba.

Bintiye alimpa chumba cha mbele, kinachotazama barabara. Fundi akaweka meza, akaandika kibao, akangoja. Wapita njia walichungulia, wakamwona mwanamke, wakauliza fundi yuko wapi.

Kwa miezi mitano alipata wateja wawili, mmoja wao mkwewe.

"Huyo naye alileta cherehani kizima," anasema. "Alinionea huruma tu."

Akajiwekea mpaka: mwezi wa sita ukiisha hivyo hivyo, angeuza vifaa vyote.

"Haikuwa njaa. Binti yangu ananilisha vizuri," anaeleza. "Lakini kukaa kutwa bila mtu wa kukuambia 'fundi, hebu njoo uone', hapo unaanza kujisahau. Mtu ni watu."

Mkwewe ndiye aliyemwingiza kwenye mtandao wa kijamii, katika kikundi cha washonaji na mafundi chenye watu mia tatu na kumi na wawili.

"Nilimwambia, baba, mimi na watu wa kwenye simu wapi na wapi?"

Wiki tatu alisoma tu bila kuandika neno, kama mgeni aliyeketi ukingoni mwa kiti. Siku moja mtu akauliza kwa nini cherehani chake kimekuwa kizito. Fundi akarekodi jibu fupi, akadhani amezima, akarudi kwenye kazi yake.

Hakuwa amezima. Na fundi huyu ana tabia ya kuzungumza na vyerehani.

Alipokuja kushtuka, aliparamia vitufe ili azime, na ujumbe mzima ukaenda. Dakika nne kikundi kizima kikamsikia akibembeleza: "Haya bibi, usininunie. Sema, unaumwa wapi? Hapo? Lo! Nani kakutia mafuta ya kupikia? Ndiyo maana umeganda. Pole, mama."

"Nilitamani ardhi ipasuke," anasema, akicheka sasa. "Nikamwambia binti yangu anitoe humo leo leo."

Bintiye alikataa, akamsomea majibu. Mshonaji mmoja alikiri kwamba naye hutia mafuta ya kupikia. Wengine sita wakakiri baada yake. Mwingine akatuma sauti ya cherehani chake na swali moja: "Daktari, na huyu anaumwa wapi?" Jina la Daktari likamganda.

Lakini ujumbe uliobadilisha maisha yake ulikuja jioni, kutoka kwa mshonaji wa sare za shule. Alikuwa amesikia kengele ya shule nyuma ya sauti ya fundi.

"Nikasema, mbona hii kengele ndiyo hii inayonipigia mimi sikioni kila siku?" anasimulia mshonaji huyo, aliyeketi leo kwenye chumba cha fundi kana kwamba ni chake. "Kumbe tumeachana mitaa miwili tu! Miezi yote hiyo nabeba vyerehani vyangu kuvipeleka mbali, na daktari yuko hapa nyuma."

Kesho yake asubuhi alifika, cherehani mgongoni kimefungwa kwa shuka. Fundi alimpokea, mkwewe akiwepo. Ndiyo desturi yake hadi leo: mtu wa mtandaoni hukutana naye mara ya kwanza mchana, na mtu wa nyumbani akiwa karibu. Si wote wenye nia ya kushona. Mmoja alimwomba ndoa.

"Ulimjibu nini, shoga?" mshonaji anamchokoza.

"Nilimwambia atume kwanza sauti yake, nisikie kasoro."

Siku hizi fundi hupokea vyerehani saba hadi tisa kwa wiki. Mtandao, anasema, haukumpa urafiki, ulimwonyesha mlango. "Kubisha hodi ni juu yako. Mimi nilibisha bila kujua."

Sasa hawa wawili wanataka kukodi chumba kikubwa zaidi, mbele washone, nyuma watengeneze, na kila Jumamosi wafundishe wanakikundi wa mji huu. Kesho wanane watakuja kwa mara ya kwanza.

Jioni, mshonaji anataka kile cherehani kilichofunguliwa nusu kifungwe ili wageni wakikute kizima. Fundi anatikisa kichwa. Kutu imeng'ang'ania, hailazimishwi. Anavitumbukiza vipande kimoja kimoja kwenye beseni la mafuta ya taa na kulifunika kwa gazeti.

"Viache vilale, shoga. Kesho watu wanane wana mikono kumi na sita."