Daktari wa Mbali na Mbavu za Mama

Nina wivu, wala sioni haya kuusema. Miaka mingi nimewatibu watu wa Kasongo, nikisoma picha za vifua vyao kwa kuziinua dirishani, na hakuna aliyenibishia. Kisha shirika moja la misaada likatuletea mashine mpya na njia ya kutuma picha kwa daktari bingwa aliye ng'ambo, azisome na kutuandikia. Tangu hapo kila mgonjwa, hata aliyevunjika mguu kwenye machimbo ya Salamabila, hunisikiliza kwa adabu, halafu huniuliza yule wa mbali amesemaje. Fimbo ya mbali haiui nyoka, niliwaambia wauguzi. Wakacheka, wakasema hii inaua.

Nilivumilia mpaka alipougua mama yangu.

Alikuja akihema, hawezi hata kulala chali. Nikampiga picha, nikaona pafu la kulia limebanwa na maji. Yalipaswa kutolewa kwa sindano siku ileile. Mama akakataa kufunua mgongo.

"Tutangojea ule wa mbali," alisema. "Weye iko mutoto wangu, baba. Utanificha."

"Mama, na mimi iko dokta."

"Ndiyo. Lakini ule hanipendi. Atasema kweli."

Mvua ilikuwa imekata mtandao. Nilikaa kando ya kitanda nikisikiliza pumzi zake zinavyofupika, nikimchukia mtu ambaye hajanikosea lolote. Nilitaka jibu lije upesi, na papo hapo nilitaka lije na kosa, mama aone. Wivu hauna akili.

Mtandao uliporudi nilituma picha, na jibu likafika alasiri. Maji upande wa kulia, yatolewe. Ndivyo nilivyosema. Lakini chini yake aliongeza mstari mmoja: upande wa kushoto, mbavu mbili ziliwahi kuvunjika zamani, zikaunga. Nikairudia picha. Zilikuwepo. Sikuwa nimeziona, wala sikuwahi kuambiwa.

Nilipomsomea, mama alinigeuzia mgongo, nikatoa maji. Pumzi zilipomrudia hakunitazama mimi, aliitazama kompyuta.

"Umuandikie iko kweli," alisema. "Nilianguka na pikipiki njia ya Wamaza, mafuta yangu ya mawese ikamwangika yote. Nilikataza watu wasimwambie mutoto wangu. Alikuwa kwenye mutihani, angeacha masomo."

Nikaandika. Mitihani ile niliifanya nikiamini mama ana malaria tu. Nilimletea vidonge, nikarudi kwenye vitabu vyangu. Sasa mgeni asiyemjua hata sauti anasimuliwa, na mimi ni karani wake.

"Umeandika yote?" aliuliza.

Nikamwambia bado. Nikaifunga kompyuta, nikavuta kiti karibu, nikamwomba aanze tena tangu mwanzo, anisimulie mimi.