Taa Iliyozimika Nyarugusu

Juzi mjukuu wangu alikuja na kazi ya shule: apulize kwa mrija ndani ya maji ya chokaa, aone yatageukaje. Yalipokuwa meupe kama maziwa akacheka. Mimi nikatoka nje, nikajifanya natafuta kuku.

Somo hilo nililipata nikiwa binti wa shule ya kati Shinyanga, miaka ya hamsini. Mwalimu wetu alituambia maji ya chokaa yakichafuka hivyo, hewa ya ukaa ipo. Na kijinga cha moto kikitumbukizwa ndani ya hewa hiyo huzimika. "Na mtu vilevile," alisema.

Likizo nikaibeba habari hiyo hadi Nyarugusu, baba alikokuwa akichimba dhahabu. Nakumbuka harufu ya udongo mbichi, michembe ya viazi vitamu ikichemka jikoni, na vishindo vya kina mama wakitwanga mawe. Baba alicheka, lakini tangu siku ile hakushuka shimoni kabla ya kuteremsha taa kwa kamba. Akawaringia wenzake: "Huyu ndiye bwana afya wangu."

Kisha mvua ikanyesha siku tatu. Ya nne, jirani yetu, kijana bado, alishuka bila taa kwenye shimo lake, kando ya letu. Tulimwita, hakuitika. Baba akaja mbio. Ni mimi niliyeteremsha taa. Haikufika hata nusu, ikazimika.

"Baba, usishuke! Imezimika."

"Nimeona, ng'wana wane," alisema, akikaza shuka kiunoni. "Lakini mtu yuko chini, mwanangu."

Akavuta pumzi ndefu, akashuka na kamba ya kumfungia. Baada ya muda kamba ikatikisika; wenzake waliobaki juu wakavuta, akatoka jirani, amelegea lakini hai. Wakaitupa kamba tena. Tukangoja itikisike. Ilining'inia tu.

Jirani aliishi miaka mingi baadaye. Kila mavuno alileta gunia la mtama, akaliweka mlangoni na kuondoka bila kunitazama usoni. Mama hakumlaumu hata siku moja. Mimi, Mungu anisamehe, nilimlaumu.

Mwaka jana nilipita Nyarugusu. Mashimo yale yamefukiwa, juu yake pana nyumba na maduka, na niliowauliza hawakumjua baba. Nikaulizia nyumba ya jirani. Wakaniambia amezikwa kitambo. Nilikuwa nimesafiri kutwa nzima kwenda kumwambia kwamba simlaumu tena.