Pumzi ya Kombe

Meno yangu ya mbele yaling'oka mwaka ule ndege za vita zilipokuwa zikiunguruma ng'ambo ya Ruvuma, na mama akaanza kupandwa na jini. Ndivyo tulivyosema kijijini kwetu, karibu na Msimbati. Anabangua korosho vizuri tu, mara moyo unamwenda mbio, vidole vinakufa ganzi, anashika koo akisema anakufa. Wanawake wakija mbio humfunga kaniki kifuani na kuikaza kwelikweli, ati jini asishuke moyoni. Nilimwona mama akizidi kuhema. Mtoto ungesema nini mbele ya watu wazima?

Baba alichoka. Alimwambia bibi, mama yake mzazi, kwamba msimu wa korosho ukiisha atamrudisha mama kwao Newala, maana nyumba haikaliki na jini. Niliyasikia hayo, na chakula kikanishinda.

Alasiri moja jini akapanda tena. Bibi, ambaye alizoea kumsema mama hata kwa chumvi ya mchuzi, aliwatoa wanawake wote nje, akaifungua ile kaniki na kuitupa pembeni. Mimi nilijibanza nyuma ya mlango. Akaleta kombe, sahani nyeupe iliyoandikwa aya kwa zafarani, akaiosha kwa maji ya marashi. Chumba kizima kikanukia. Jua lilipenya kwenye makuti, vumbi likielea polepole, nikaona kama sote tumo chini ya maji.

"Piga funda moja, mwanangu, kisha itoe pumzi mpaka iishe yenyewe," bibi alisema. "Jini hupanda kwa pumzi fupi. Ndefu haiwezi."

Mama akapiga funda, akatoa pumzi. Akapiga jingine. Nikajikuta napumua naye, hadi macho yakanilegea. Nilipoamka nilikuwa nimelala mapajani mwake, ananisuka nywele.

Jini hakukoma siku ile, mtu asikudanganye. Alikuja mara nyingi, mama akaketi, akapumua, naye akaenda zake. Baba alimchunguza mama msimu mzima, mwishowe akaacha hata kutaja habari ya kumrudisha Newala.

Nami nimerithi moyo ule wa kwenda mbio. Ukinianza, hata nikiwa katikati ya soko la Chikongola, natafuta pa kuketi na kuitoa pumzi taratibu, watu waniangalie wakitaka. Kama alikuwa jini kweli au ilikuwa hofu ya mabomu tu, sijui, wala sitaki kubishana na mtu. Ninachojua ni kwamba mimi nililelewa na mama yangu.